Kitenge Cheusi Kutoka Vitshumbi

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali, mguu mmoja umefungwa kamba na bido, dumu la plastiki lililojaa mchanga, linaning'inia mwisho wa kitanda, basi nimekuandikia wewe. Wengine wanaweza kusoma pia, lakini wangoje zamu yao. Najua unavyoitazama hiyo dari. Mimi niliitazama wiki tano, nikalijua kila doa lake, na doa moja lilikuwa na sura ya shemeji yangu mmoja ambaye simtaji hapa.

Habari za mifupa sitakueleza. Madaktari watakueleza, na usipoelewa waulize tena, hawaumi. Mimi nataka kukusimulia jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kwamba watu watafurahi sana kwa kuwa uko hai, na furaha yao inaweza kukukasirisha mpaka utamani kumtupia mtu sahani. Mimi ilinikasirisha miezi sita. Iliisha siku mama yangu alipotoa viti nje.

Naitwa Ansima. Tunakaa Mabanga, mjini Goma, ingawa wazazi wangu walitoka upande wa Bukavu kabla sijazaliwa. Papa anaandika karatasi za mizigo bandarini, mtu wa shati lililochomekwa na kalamu mbili mfukoni. Mama anauza samaki wa chumvi. Kila mwezi hupanda Vitshumbi, kijiji cha wavuvi ufukweni mwa ziwa, kuwachukua, akakaa huko siku kadhaa kulingana na barabara ilivyoamka.

Jimnastiki nilianza nikiwa na miaka minane, katika ukumbi mmoja wa Murara wenye paa linalovuja. Mwalimu wetu ni mzee Kambale, ambaye sote tunamwita Metre. Magodoro yetu ya kutulia yalikuwa sponji za zamani zilizofunikwa bashi, yaani turubai, na kufungwa pamoja kwa mipira ya matairi ya baiskeli. Juu ya vitu hivyo nilijifunza kuruka, kupinduka hewani mara moja, halafu mara mbili. Nilipofika miaka kumi na tisa, jina langu liliingia kwenye orodha ya wasichana sita walioitwa Kinshasa kujaribiwa kwa timu ya taifa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu nisafiri. Mama alikuwa ameshanishonea begi.

Papa hakunikataza. Hakuja pia kuniona hata siku moja, au ndivyo nilivyojua. Alikuwa akisema, "Mutoto mwanamuke wa kuruka-ruka mbele ya batu, sijue kama ni masomo ama ni nini," halafu anarudi kwenye redio yake.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa tatu, mvua inapiga bati. Nilikimbia, nikaruka, nikapinduka mara mbili, na nikiwa bado hewani nikajua nimekosea kidogo. Mguu wa kulia ulishukia kati ya magodoro mawili, pale ambapo mpira ulikuwa umelegea, na mwili wote ukaja juu yake. Nilisikia sauti ya kuni inayopasuliwa. Nilifikiri ni ubao wa jukwaa. Niligeuka kutafuta ubao gani.

Vijana wawili wa pikipiki walikuja na kutaka kuniweka katikati yao, kama tunavyobeba wagonjwa wetu wote mjini hapa. Metre aliwafukuza. Alikimbia barabarani akasimamisha chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, iliyobeba viazi, akamwomba mwenyewe ateremshe magunia yake pale pale kwenye tope, wakanilaza juu ya mbao zake na kunisukuma taratibu mpaka hospitali, Metre akishikilia goti langu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa. Daktari aliniambia baadaye kwamba kulala vile kuliuokoa mshipa wa damu wa mguu. Mwenye chukudu sikumjua jina. Nikimwona mtu anashuka na viazi kutoka juu, bado namsalimia, huenda ni yeye.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika juu ya goti na ufa umeingia ndani ya goti lenyewe. Walinifunga ile kamba na lile bido, tukaanza kungoja chuma cha kunipachika, kwa sababu chuma cha saizi yangu hakikuwapo na kililazimika kutafutwa mbali. Ndipo Papa alipofanya kosa lake.

Kwetu habari mbaya hazisemwi kwenye simu. Unamwita mtu aje, unamkalisha, unampa maji, ndipo unamwambia. Papa ni mtu wa kufuata taratibu. Alimpigia Mama Vitshumbi, akasema, "Mama Ansima, kuya. Usiulize kitu, kuya tu." Mama akauliza nani. Papa akasema, "Utaona ukifika," kisha akaizima simu ili asimsumbue na maswali.

Sasa wewe mwenyewe pima. Mama yangu yuko ufukweni, ana samaki mkononi, anaambiwa kuya usiulize. Aliwaza juu yangu mara moja, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naruka. Wanawake wenzake walianza kulia kabla yeye hajaanza. Walimtafutia kitenge cheusi, wakamvalisha, wakamfunga kamba kiunoni kama mfiwa, wakamjazia kikapu cha samaki wa kulisha waombolezaji, na wawili wakaamua kumsindikiza. Barabara ilikuwa na maneno yake, kwa hiyo walitumia siku mbili. Siku mbili Mama alinililia. Alinililia kwenye lori, alinililia Rutshuru walipolala kwa watu, alinililia mpaka sauti ikaisha.

Alipofika Mabanga hakukuta watu uani wala bashi limetandikwa. Akamuuliza jirani, Mama Riziki. Naye Mama Riziki, akifuata taratibu zile zile, akasema kwa upole, "Bako ku hospitali, mama, uende tu." Basi Mama akapitia mlango wa nyuma wa hospitali, ule wa chumba cha maiti, akampa mlinzi jina langu. Mlinzi alitafuta kwenye daftari lake mara mbili. Akamwambia, "Mama, hiyo jina sina. Ujaribu kule kwa bagonjwa."

Alifika kwangu kutoka huko. Niliona mwanamke aliyevaa nyeusi amesimama mlangoni mwa wodi, amejaa vumbi, na sikumtambua mara moja. Alinishika uso, akanishika kifua, akanishika mguu mzima, akanishika ule mbovu hadi nikapiga kelele. Akauliza, "Njo hii tu? Mguu tu?"

Halafu akacheza. Mama yangu alicheza katikati ya vitanda na kitenge chake cha msiba, na Mama Uwimana, mkulima wa Rutshuru aliyelala kitanda cha pili na nyonga iliyovunjika, akampigia makofi na kumwimbia kwa Kinyarwanda. Samaki wa kilio waligawiwa wodi nzima. Chumba kilinuka chumvi wiki mbili na manesi walituchukia.

Papa alijitetea mlangoni. "Batu habasemake mubaya ku telefone."

"Na mwenye iko muzima," Mama akamjibu, "habamusemake?"

Kila mtu alicheka isipokuwa mimi. Nilikuwa na wiki mbili na nusu kabla ya Kinshasa, mguu uko juu ya kamba, na mama yangu anacheza. Niligeuzia uso ukutani. Nataka uelewe kwamba nilimpenda mama yangu na kwamba saa ile sikutaka kumwona.

Mama hakuweza kukaa hospitalini. Kule nyumbani kuna wadogo zangu wanne na kule sokoni kuna meza yake. Hospitali zetu unazijua: bila mtu wako wa kukulinda huli, huogi, hunywi dawa. Kwa hiyo Papa aliomba ruhusa bandarini akawa mlinzi wangu. Mwanamume peke yake kati ya wanawake thelathini kwenye uwanja wa kupikia, shati limechomekwa, anapuliza makaa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, mpaka miwani inakuwa nyeusi. Bugali wake wa kwanza ulifaa kujengea ukuta. Mama Uwimana alimwambia, "Papa, hii ni ya kukula ama ni plasta ya kufunga mutoto mukono?" Siku ya nne akaja na daftari. Alikuwa ameandika hatua zote za kupika maharagwe, kwa namba, alivyosomewa na wanawake wale. Maharagwe yakawa mazuri. Kunitembeza chooni hakuweza, kwa kuwa sikutembea, na kazi ya lile bakuli la kitandani ilifanywa na binti wa Mama Uwimana, Mungu ambariki, ambaye hakuwahi kukunja pua.

Mwili ulianza kuniacha. Hilo hawakuambii. Paja lililokuwa gumu likawa laini kama la mtoto mchanga, halafu likapungua mpaka mikono yangu miwili ikalizunguka. Sugu za viganjani, nilizozipata miaka kumi na moja kwenye vyuma vya Metre, zilibanduka moja moja na chini yake kukatokea ngozi ya mtu asiyefanya kazi. Sugu moja kubwa niliihifadhi ndani ya kisanduku cha kiberiti. Cheka tu. Niliificha chini ya mto, na Papa alipoiona aliirudisha palepale.

Wageni walikuja wengi, na wote walisema sentensi moja: "Ushukuru Mungu, uko muzima." Walikuwa na haki. Mji huu umezika watu wengi kwa sababu zisizo na maana kabisa, na mguu ni mguu tu. Lakini niliisikia sentensi ile mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuihesabu kama sindano. Hakukuwa na mahali pa kuweka kile nilichopoteza. Ningesema nini? Kwamba nalia kwa sababu sitaruka?

Metre peke yake hakusema hivyo. Yeye alikuja kila Alhamisi, kofia mkononi, akasema, "Kiangazi utakuwa na siye." Niliishi kwa neno hilo. Wasichana watano waliondoka kwenda Kinshasa bila mimi. Nikasema sawa, kuna mwaka ujao. Chuma kilifika mwezi wa tano, wakanipasua, wakanipachika, nikazinduka nimefungwa kutoka nyongani mpaka kifundo cha mguu, nikamuuliza nesi tarehe, nikaanza kuhesabu kuelekea kiangazi.

Kiangazi kilikuja na vumbi lake jeusi. Nilikuwa nyumbani, natembea kwa magongo, na mara tatu kwa wiki nilikwenda kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo tuliyemwita Mama Kine. Tulingoja kwenye benchi moja refu koridoni, wenye magongo mwanzo, wenye mikono iliyofungwa mwisho, na tukasogea makalio kwa makalio kila mmoja alipoingia. Kwenye benchi lile nilicheka kwa mara ya kwanza, mzee mmoja alipoinuka na kuchukua gongo langu badala ya lake na kuondoka vizuri kabisa.

Mama Kine alikuwa na kipimo cha plastiki cha kupimia goti linavyokunjika. Alisoma kwa sauti, kwa Kifaransa chetu, mimi niliandika ukutani nyumbani kwa mkaa. Karanti, arobaini. Swasanti, sitini. Swasanti-kenze, sabini na tano. Mwezi wa nane tulifika katre-ven-dis, tisini, na hapo goti likasimama. Wiki ya kwanza nikasema limechoka. Wiki ya pili nikasema ni baridi. Wiki ya tatu Mama Kine akaweka kipimo mfukoni bila kusoma.

Nikafanya ujinga. Mama alikuwa sokoni, Papa kazini, wadogo zangu shuleni. Nilitandika godoro sebuleni, nikaegemeza magongo kwenye kabati, nikajirusha. Si salto, ile ya kupinduka hewani, niko na akili kidogo. Kurusha miguu juu na kutulia tu, kitu anachofanya mtoto wa miaka minane. Mikono ilinikumbuka. Nilisimama juu ya mikono sawasawa, nikaona sebule yetu kichwa chini, picha ya harusi ya wazazi na kila kitu, na kwa pumzi moja nilifurahi kupita siku zote za mwaka ule. Halafu nikashuka na goti halikupokea. Mama Riziki alinikuta sakafuni. Goti lilivimba likawa sawa na boga.

Daktari alipiga picha nyingine. Tulikwenda watatu, Papa, Mama na mimi, mwezi wa tisa, mvua za kwanza zimerudi. Alikuwa kijana, labda ananizidi miaka kumi, na alifanya jambo ambalo mpaka leo namshukuru: aliniangalia mimi, si wazazi. Akasema, "Chuma hakikusogea. Mfupa ulishika vizuri. Lakini ndani ya goti kuliharibika, na haitarudi. Hii goti itakupeleka soko, itakupeleka kanisa, itakupeleka kwa harusi yako. Haitapokea tena mutu mwenye anatoka juu."

Nikauliza, "Mwaka ujao?"

"Hapana, Ansima. Hata mwaka ule mwingine."

Papa alifungua mdomo na nilijua kinachokuja. Alisema, "Tumushukuru Mungu, mutoto iko—"

Mama akamwekea mkono kwenye goti kumkatiza.  Kwenye teksi aliangalia barabara tu. Nilifikiri amekasirika kwa sababu ya ule ujinga wa sebuleni.

Tulipofika nyumbani alikwenda chumbani akatoka amevaa kile kitenge cheusi. Alikuwa amekikunja chini ya sanduku tangu mwezi wa tatu. Akatoa viti vya plastiki uani, akavipanga kama vinavyopangwa kwenye kilio. Akasukuma meza ya sebuleni ukutani, akatandika mkeka, akavua kilemba, akaketi chini na kunyoosha miguu. Akapiga mkeka kwa kiganja, pale kando yake.

"Kuya, tukae."

Papa alikuwa bado ameshika mwavuli. "Mama Ansima, kilio ya nini? Hakuna mutu alikufa."

"Kuko," Mama akasema. "Mimi nililia mutoto huyu tangu Vitshumbi mpaka Goma, siku mbili, na alikuwa muzima. Machozi yote nilimaliza kwa mutu mwenye haikufa. Sasa kuko mumoja mwenye alikufa kweli. Ule mwenye alikuwa anaruka. Miezi sita hakuna mutu anamulia, na sisi tunamwambia dada yake ashukuru." Akanitazama. "Hata mimi nilicheza juu ya kaburi yake. Sikujua. Unisamehe."

Niliketi kwa shida, mguu mmoja umenyooka, na nikaweka kichwa begani kwake. Nililia kwa sauti, kama watu wanavyolia kwenye kilio, mdomo wazi, bila kujificha. Nilikuwa sijalia hivyo tangu nilipoanguka. Niliogopa kwamba nikianza sitamaliza.

Mtaa ukiona viti nje hauulizi kwanza. Unaingia, unaketi, halafu unauliza. Mama Riziki aliingia amebeba makaa. Akauliza ni nani. Mama akasema, "Ni jimnastiki ya Ansima." Mama Riziki alisimama kidogo akiwa na makaa yake. Nadhani alitaka kucheka. Akavua viatu, akaketi. Wengine walicheka kweli na kwenda zao, na mzee mmoja wa jirani alikaa uani saa nzima, akanywa chai, akauliza marehemu alikuwa na miaka mingapi. Papa alimjibu, "Kumi na moja." Akaanza kukaa na wanaume nje.

Tulikaa siku tatu, kama ilivyo desturi. Siku ya pili walikuja wasichana wa ukumbini, wakaketi kwenye mkeka, na kama inavyofanywa kwenye kilio wakaanza kumzungumzia marehemu. Mmoja alikumbusha nilivyoanguka kwenye ndoo ya maji ya Metre. Mwingine alisema aliiga jinsi nilivyoinua kidevu kabla ya kukimbia. Sikujua kwamba ninainua kidevu. Tulicheka sana, na kilio kizuri lazima kiwe na kicheko ndani yake.

Metre alikuja akasimama mlangoni. Kofia ilikuwa inazunguka mikononi. Akasema, "Nilijua tangu siku ya radio. Niliona ile picha ya mufupa, nikajua. Nilikuwa nasema kiangazi, kiangazi. Haikuwa juu yako, mutoto. Ilikuwa juu yangu. Ile mupira ililegea, mi ndiye nilifunga."

Nilitegemea kumkasirikia. Nilijitafuta ndani nikakuta sina hasira naye, nina uchovu tu. Nikamwambia aketi. Mama akampa chai.

Siku ya tatu, kabla ya kumaliza, Papa aliingia kutoka nje na karatasi mbili za bandarini, zile zenye mistari ya mizigo. Unajua kwenye mazishi yetu kuna mtu anayesoma maisha ya marehemu. Papa alisimama katikati ya sebule, akasafisha miwani, akasoma kwa sauti ya ofisini:

"Jimnastiki ya Ansima ilizaliwa Mabanga, juu ya ukuta wa jirani yetu Mama Riziki, mutoto akiwa na miaka nane. Ilipendwa sana na mama yake. Baba yake hakuwahi kuisema vizuri. Ilisoma Murara, kwa Metre Kambale, miaka kumi na moja. Siku ya sikukuu ya ukumbi ilipinduka mara mbili hewani, na muzee mmoja aliyekuwa amesimama nje, kwa dirisha ya nyuma, alisahau kufungua mwavuli wake, akarudi kazini amelowa mpaka kwa soksi. Siku ya Pasaka alikuwa tena pale. Siku ya orodha ya Kinshasa alikuwa pale. Aliogopa kuingia, juu alikuwa amesema mengi nyumbani. Jimnastiki imeacha mama mumoja, Metre mumoja, musichana mumoja mwenye magongo, na muzee mwenye mwavuli."

Akakunja karatasi, akaziweka mfukoni na kalamu zake mbili.  Mama alikuwa anamtazama kama mtu aliyekutana na mumewe sokoni baada ya muda mrefu. Mimi nililia tena, lakini kilio cha siku hiyo hakikuuma. Kilipita mwilini kikatoka.

Tukamaliza kama inavyomalizwa. Wanawake walifagia nyumba kuanzia ndani kuelekea mlangoni. Nilichukua kile kisanduku cha kiberiti, nikaimwaga ile sugu kwenye takataka, ikafagiwa na mengine yote. Niliosha uso na mikono uani. Nikafuta namba za mkaa ukutani kwa kitambaa chenye maji. Mama akavua kitenge cheusi, akakifua, akakitundika kwenye kamba, na kilipokauka akakikata akawatengenezea wadogo zangu mapazia.

Sasa wewe wa kitandani, nisikilize. Sisemi utoe viti. Labda mama yako si kama wangu, labda kwenu watu watasema umerogwa. Lakini ukipoteza kitu ambacho watu wengine hawakioni, mtafute hata mtu mmoja akae nacho chini na wewe, asikuambie ushukuru mpaka umalize. Shukrani yangu ilikuja yenyewe, baadaye, wala hakuna aliyeniagiza. Ilinikuta nimeketi uani nachambua maharagwe, jua linapiga goti, goti haliumi, na nikajiona nimekuwa nikiimba muda mrefu bila kujua.

Magongo niliyaacha mwezi wa kumi na moja. Nachechemea kidogo asubuhi, na kwenye mawe ya barabara zetu natembea kama mama mwenye mzigo. Ukumbini sikwenda. Nilizunguka mtaa mzima ili nisipite pale, miezi kadhaa, hata baada ya kilio. Kulia ni jambo moja na kuingia mlangoni ni jambo lingine.

Mwezi uliopita nilikwenda. Mchana mmoja, Mama akiwa Vitshumbi, nilivaa viatu nikatembea taratibu mpaka Murara, na nilipofika nikaingia kabla sijapata muda wa kufikiri. Paa bado linavuja. Magodoro sasa yameshonwa pamoja, uzi mnene, Metre ameyashona mwenyewe na vidole vyake vinaonyesha. Kulikuwa na kasichana ka miaka tisa hivi, kanajaribu kupinduka kinyumenyume, kanaogopa, kanakimbia na kusimama, kanakimbia na kusimama. Metre alisogea kando. Nikaenda nikasimama pale anaposimama mshikaji, yule wa kumpokea anayeruka, nikatanua miguu, nikatoa mikono. Nikakaambia, "Kuya. Niko hapa." Kakakimbia, kakainua kidevu, kakaruka, na uzito wake mdogo ukaja mikononi mwangu, nikaugeuza, nikausimamisha. Kakaniuliza kama tunaweza kurudia. Tulirudia mpaka mikono ikauma.

Nyumbani kwetu sasa kuna sheria. Yeyote anayempigia Mama Vitshumbi, hata kama anauliza bei ya samaki, lazima aanze na sentensi moja. Jioni ile nilimpigia. Nilisikia upepo wa ziwa na wanawake wakiongea nyuma yake.

"Mama, siye bote tuko bazima."

"Aksanti," akasema, na nikasikia akishusha pumzi kama anavyofanya kila mara. "Na mguu?"

"Mguu ulinipeleka Murara," nikamwambia, "na umenirudisha."

 Halafu nikasikia makofi, moja, mbili, na sauti yake ikiwa mbali na simu, anawaambia wanawake wa Vitshumbi, na nikajua mama yangu anacheza. Safari hii nilimngoja kwenye simu mpaka akamaliza.